Kigoda Alichowekewa Bundala

Baba alichimba mpaka shimo likamfika kiunoni, ndipo mpini wa jembe ukavunjika. Hatukuwa na jembe jingine, na hakuna mtu aliyekuja kutuazima. Mama akamfungua Doto mgongoni, akanikabidhi, akashuka shimoni mwenyewe, akaanza kutoa udongo kwa sufuria yetu ya ugali. Kulwa alikuwa amelala kwenye mkeka pembeni, amefunikwa kitenge, na mimi nilikuwa nimesimama upande wa jua ili kivuli changu kimwangukie usoni, kama vile jua lingeweza kumuumiza bado. Ng'ambo ya njia, kwenye zizi la Bundala, wanaume tisa walikuwa wamekaa wanatutazama. Walikuwa wametoka shamba. Majembe yao yalikuwa yameegemezwa kwenye miti ya zizi, mapya kwa makuukuu, na hatua kutoka pale mpaka kwenye shimo letu nilizihesabu baadaye: arobaini na moja, hatua za mtoto. Mama akaanza kuimba. Sauti ilikuwa inatoka chini, kichwa chake tu ndicho kilichoonekana. Ndipo Bundala, mkubwa wa mila wa kijiji chetu, akasema taratibu, kama mtu anayeomba tumbaku kwa jirani: "Mwiteni huyo Yesu wenu aje ashike sepetu." Wakacheka. Malimi alicheka mpaka akakohoa. Mama hakukata wimbo, aliumalizia beti zake zote, na mpaka alipomaliza shimo lilikuwa limetosha, kwa sababu halikuhitaji kuwa kubwa. Kulwa alikuwa na miezi mitano.

Majina nimeyaandika na sitayafuta. Doto, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, alipousoma ukurasa huo aliniambia, dada, andika tu wazee wa kijiji, watu wataelewa. Nikamwambia wazee wa kijiji hawakucheka. Waliocheka wana majina. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo asije mtu kunitafutia hapa maneno ya kupendeza. Ninaandika kwa sababu mama tumemzika mwaka huu hapa Kanazi, watu wakiwa wanavuna maharage, na Bundala alikuja msibani. Yuko hai. Ni mzee wa fimbo, amepungua mwili, lakini yuko hai na macho yanaona. Alikuja, akala ubwabwa wetu, akapewa nafasi ya kusema neno. Neno lake nitalisema nikifika huko. Kwanza nirudi nyuma, maana aliyekuwepo siku ya shimo tu anaweza kudhani watu wale walizaliwa na roho mbaya, na haikuwa hivyo. Walikuwa majirani. Nilikula kwao.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Tulikaa Biharamulo, upande wa porini, kwenye kijiji cha Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, vyumba viwili, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa kanisa siku ya Jumapili. Kanisa lenyewe lilikuwa baba, mama na mimi, na mwinjilisti aliyekuja kwa miguu mara moja kwa mwezi, akifika na vumbi mpaka kwenye nyusi. Ngoma yetu ilikuwa debe la mafuta. Mama ndiye aliyelipiga, na alilipiga kama mtu aliyealikwa harusini. Kijiji kilikuwa kinatucheka, lakini kicheko cha kawaida, cha watu wanaokuja kuomba chumvi baada ya kukucheka. Halafu mama akajifungua mapacha, Kulwa na Doto, na kijiji kizima kikafurahi kwa siku moja.

Kwetu mapacha si jambo la nyumba moja. Wakizaliwa, watu wanakuja na dawa ya majani kwenye kibuyu. Wazazi wanainywa, watoto wanapakwa, ng'ombe na mashamba ya watu yananyunyiziwa, na watu wanaimba matusi ya nguoni mbele ya baba na mama, matusi ambayo siku nyingine yangeleta ngumi, lakini siku ile ni halali na kila mtu anacheka. Kisha vyungu viwili vidogo vinawekwa mlangoni kwa ajili ya mizimu. Mpaka hayo yakamilike, mama wa mapacha hakanyagi shamba la mtu mwingine, maana akikanyaga, mvua inakatika. Ndivyo walivyoamini, na sitadanganya, hata mimi niliamini, ingawa Jumapili nilikuwa napiga makofi na mama. Basi walipokuja, Bundala mbele na kibuyu, mama aliwapikia kuku na ugali, akawatolea maziwa ya mgando, akawaambia matusi waimbe tu kama wanataka, hayamuumizi, lakini dawa ya mizimu hatakunywa na vyungu havitakaa mlangoni kwake, kwa sababu amekwisha kumpa Yesu mlango huo. Alisema hivyo huku anawaongezea mchuzi. Wakala, wakanawa, wakaondoka bila kuaga. Bundala alikibeba kibuyu chake kikiwa kimejaa vilevile.

Kosa lililotumaliza lilikuwa la wema. Jirani yetu Nyamizi alikuwa peke yake, mume amekwenda na ng'ombe mbali, na mtama wake ulikuwa umezidiwa na majani mpaka unatia huruma. Mama aliuona kutoka uani kwetu kila asubuhi, ukamkera. Siku ya tisa tangu kujifungua alichukua jembe, akamfunga Kulwa mgongoni, mimi nikambeba Doto, tukaenda. Nyamizi hakuwepo, alikuwa amekwenda gulioni. Aliporudi alikuta mistari minne imepaliliwa safi, na mama wa mapacha amesimama katikati ya shamba lake anafuta jasho. Alipiga ukelele. Mama alidhani ni kigelegele cha shukrani, akamjibu kwa kigelegele. Mimi nilikuwa nimemwona Nyamizi uso, nikajua. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyefiwa.

Mvua ikakatika wiki ileile. Labda ingekatika tu. Miaka mingine imekatika na mapacha hawakuwepo. Lakini wanaume wakakaa kikao kwa Bundala, wakaamua tusichote maji kwenye kisima cha kijiji. Maji ya kisima kile yalikuwa na weupe, ukiyaacha kwenye kata unaona kama yameoshewa unga chini. Sisi tukawa tunakwenda bondeni, mwendo wa kuchosha, kwenye maji ya kahawia yanayonuka majani yaliyooza. Mama alikuwa anayachuja kwa khanga, anayachemsha, anamimina kwenye kikombe, anamwambia baba, "Karibu chai, baba Minza, leo nimeitia rangi." Baba alikuwa anacheka nusu. Mimi sikucheka. Niliona ni ujinga. Kila asubuhi tukipita kwa Nyamizi mama alimsalimia, "Mwangaluka, Nyamizi," na Nyamizi akageuka akaendelea kupeta mtama wake mwembamba. Kesho yake tena, mwangaluka. Keshokutwa tena. Nilimwambia mama aache kunitia aibu. Akasema salamu ni yake, asipoitoa itamwozea ndani, na kuitikia ni kazi ya Nyamizi, kila mtu afanye ya kwake.

Nafika sasa pale ambapo mkono wangu mwenyewe umo. Nilikuwa na rafiki, Holo, binti wa Nyamizi. Tulikuwa tunasukana nywele. Siku moja nimechoka na bondeni, koo limekauka, nikapita kisimani na ndoo yangu. Nikawakuta wasichana, Holo yumo. Waliniambia nisisogee. Nikakaa tu pale mbali, nawatazama wanavyomwagiana maji miguuni, nikaanza kulia. Holo akaja.

"Minza, ukisema utachota."

"Niseme nini?"

"Sema mama yako ameua mvua. Sema tu, hakuna anayekupiga."

Nikasema. Nilisema kwa sauti ndogo, wakanitaka nirudie kwa sauti kubwa, nikarudia. Holo mwenyewe akanichotea, akanijazia ndoo mpaka juu, akanitwisha. Nilirudi nyumbani nikasema nimeyatoa bondeni, upande wa juu ambako yametulia. Mama akakinga kata, akanywa ile yote bila kupumua, akanishukuru, akasema mtoto huyu ana miguu ya baraka. 

Siku tatu baadaye wanaume wakakaa tena, na baba akaitwa. Aliporudi alikaa kwenye kizingiti muda mrefu hajavua viatu. Nilikuwa jikoni natwanga, nikasikia akimweleza mama. Bundala alisimama mbele ya kikao akasema shauri limekwisha, hakuna haja ya kubishana, maana hata mtoto wao wa kumzaa amekiri kisimani mbele ya mashahidi. Shahidi wake nilikuwa mimi. Kwa neno langu wakaamua kututenga moja kwa moja: tusiazimwe moto, tusiazimwe jembe wala chombo, tusiitikiwe salamu, na tukifiwa tusizikiwe. Mpaka mama akubali kukinywa kibuyu. Nilisubiri niitwe nichapwe. Sikuitwa. Mama aliuliza kama baba amekula. Akaambiwa hajala. Akampakulia michembe ya viazi vikavu na karanga, na baba akala akitazama ukuta.

Kutengwa hakuna kelele. Mtu asiyekujua akipita kijijini haoni kitu. Unaamka moto umezimika, na moshi wa Nyamizi unauona pale, unaweza kuunusa, halafu baba anasugua kiberiti chenye unyevu mpaka vijiti vinaisha. Ng'ombe wetu wakiingia njia ya watu wanageuzwa kwa mawe. Watoto wanakimbia ukitokea. Katika hayo mama ndiyo kwanza akazidisha. Baba alikuwa amechonga vigoda sita vya kanisa, vya miguu mitatu, na kila Jumapili mama alivitoa uani asubuhi, akavifuta, akavipanga kwa ajili ya majirani. Hiki cha Nyamizi, hiki cha Malimi. Cha Bundala kilikuwa kile kipana kuliko vyote, chenye ufa uliozibwa kwa waya, kwa sababu Bundala wakati ule alikuwa mnene. Hakuna aliyekuja hata siku moja. Mama alipiga debe lake, akacheza na Kulwa mkono huu na Doto mkono huu, akiwaangalia wageni wasiokuwepo kwa furaha kabisa. Akimaliza anasema, "Leo Bundala amekaa vizuri, hakunung'unika." Baba akacheka mpaka akafuta machozi. Watu waliokuwa wanapita njiani walikuwa wanasikia tunacheka. Nadhani hilo ndilo walishindwa kutusamehe. Njaa yetu ingewatosha, lakini walitaka tuwe na sura ya njaa.

Asubuhi moja nilisikia wanaongea chumbani. Baba alisema ni kibuyu kimoja tu, Mungu anaona moyo, anywe watoto wapate maji. Nilisimama nimeshika mchi, ninaomba akubali. Mama akamwambia, "Nikinywa, hii furaha niliyo nayo itakuwa imetoka kwao. Wakitaka watanipa, wakitaka wataninyima. Sasa hivi hawana pa kuishikia." Nilimchukia. Ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilimchukia mama kuliko nilivyomchukia Bundala.

Kulwa alishikwa na homa, na asubuhi akapata degedege. Zahanati ilikuwa mbali, mwendo wa mtu mzima kutoka jua kuchomoza mpaka jua limekaa utosini. Baiskeli kijijini ilikuwa ya Malimi, yenye kareria ndefu ya kubebea magunia. Baba alikimbia kwa Malimi, na mimi nyuma yake. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta. Malimi alimwambia baba ina pancha. Nilikuwa nimesimama karibu nayo, nikaibonyeza kwa vidole, tairi la mbele na la nyuma. Yalikuwa magumu kama jiwe. Malimi aliniona nikibonyeza. Baba aligeuka, akarudi mbio nyumbani. Alimbeba Kulwa kwa miguu. Alirudi mchana, mapema mno kwa mtu aliyefika zahanati, amembeba vilevile kifuani, amemfunika vilevile, ili sisi tusijue mpaka afike mlangoni. Bundala akatuma neno kwamba mama akikinywa kibuyu sasa hivi, wanaume watachimba. Mama akamwambia yule aliyetumwa amsalimie Bundala. Hayo ya shimo nimekwisha kuyasema.

Mvua ilinyesha siku ya nane tangu tumzike. Ilinyesha kubwa, kaburi likatitia, baba akaenda kulijaza kwa mikono. Na kijiji kikashangilia, kikasema mizimu imepokea chake, mambo yamekwisha. Nyamizi akaja na moto kwenye kigae, akatusalimia kana kwamba alikuwa safarini amerudi. Mama akaitikia, akampokea, akamkalisha kwenye kigoda chake. Baba alishindwa. Aliingia ndani, na mwezi ule tukahama, tukaja huku Ngara, Kanazi, tukapokewa na familia moja ya Warundi wa kanisani iliyotukatia shamba la migomba bila kutuuliza tumefukuzwa na nani. Vigoda vyote sita mama alikuja navyo. Baba alisema vitatuchosha bure. Mama akasema wenyewe wanaweza kuja.

Niliificha ile ndoo ya kisimani maisha yangu yote. Nimezaa, nimefiwa na mume, sikumwambia mtu. Mwaka huu mama alipolala hoi, nikiwa namlisha uji, nilimwambia. Nilimwambia yote, sauti ndogo na sauti kubwa. Akanitazama akasema, "Nilijua siku ileile. Maji yalikuwa meupe." Nikamuuliza kwa nini aliyanywa. Akasema nilikuwa nimeyabeba mimi. Halafu akaomba uji uongezwe sukari, na akacheka, kwa sababu daktari alikuwa ameikataza. Siku ya nne akafa. Alikufa na furaha yake nzima, hakuna aliyeimega. Mimi nimebaki na vigoda.

Basi Bundala akaja msibani. Doto, ambaye hawezi kumkumbuka, alimwona ni mzee ametoka mbali, akaingia ndani akamtolea kiti. Alimtolea kile kipana chenye waya. Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe, nikasimama. Bundala akakikalia. Ameokoka siku hizi, ni mzee wa kanisa huko kwao, ana beji kifuani, na aliposimamishwa aseme neno alisema marehemu alikuwa mama mwenye furaha ambayo wengine hawakuijua, na kwamba wametoka naye mbali. Watu wakasema amina. Nilingoja watu wapungue, nikamfuata nikampigia magoti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni yupi?"

"Minza. Yule shahidi wako."

 Nikaona kumbukumbu inamwingia, inatafuta pa kukaa usoni. Akaniambia, "Yale ni ya zamani, mwanangu. Tulikuwa gizani, Mungu ameshasamehe." Nikamwambia ilikuwa saa tisa alasiri na jua linawaka, na mimi nilikuwa namkinga mtoto nalo. Akaomba fimbo yake. Mjukuu wake akamwinua, wakaenda kupanda gari.

Mama angemsindikiza mpaka barabarani, najua. Angemfungia na ndizi. Najua pia atasema mtu kwamba ninaharibu alichokijenga, kwamba alisamehe akiwa shimoni kabisa na sufuria mkononi. Alisamehe ya kwake. Langu mimi ni lile neno la kisimani, ambalo Bundala alilitumia. Alichukua kilio cha mtoto mwenye kiu akakifanya hukumu, na kwa hukumu hiyo tairi zima likawa na pancha na majembe tisa yakashindwa kuvuka njia. Kama amezungumza na Mungu, vizuri. Mimi hajazungumza nami. Malimi ni marehemu, siwezi kumuuliza. Nyamizi hasikii tena. Amebaki yeye.

Kila Jumapili, tangu tumzike mama, ninakitoa kile kigoda uani. Ninakifuta, ninakiweka palipo na kivuli. Mama alikiweka akicheka, mimi sijaweza, lakini ninakiweka. Mzee Bundala, njia ya kuja Kanazi umekwisha kuijua. Njoo ukae, na uje na sauti uliyosemea siku ile, ile ya kuomba tumbaku. Uniambie mbele ya Doto jembe lako lilikuwa na uzito gani hata hatua arobaini na moja zikakushinda.